Pikipiki Ndogo ya Spoti na Mwendeshaji Mrefu

Pikipiki ya spoti hutambulika kwa mkao wa anayeiendesha kabla ya kutambulika kwa injini. Vishikio vya usukani huwa chini na mbele, vikanyagio vya miguu huwa juu na nyuma, na kifua huinamia tangi. Mkao huo una sababu zake. Hupunguza upepo unaogonga mwili, huongeza uzito kwenye tairi la mbele wakati wa kukata kona, na huinua miguu ili vikanyagio visikwaruze lami pikipiki inapolala. Katika pikipiki ndogo, za cc 125 hadi 500 hivi, mkao huohuo hubanwa ndani ya umbo fupi. Kwa kijana mrefu, umbo hilo ndilo linaloamua mengi kuliko kasi, rangi au sauti ya ekzosi.

Maelezo haya yanatokana na uzoefu wa mwandishi, mwenye urefu wa sentimita 193, ambaye alizoea pikipiki za kawaida za Afrika Mashariki kabla ya kutafuta pikipiki ya kwanza ya spoti akiwa kijana nchini Uingereza. Mpito huo unafundisha jambo la kwanza. Boxer au TVS ya bodaboda ina kiti kimoja kirefu kilichonyooka, kilichokusudiwa kubeba abiria na mizigo. Mtu mrefu akikikalia bila abiria hujisogeza nyuma mpaka magoti yapate nafasi, na urefu wake haumsumbui. Pikipiki nyingi za spoti zina viti viwili vilivyotenganishwa: cha mwendeshaji chini, cha abiria juu. Ngazi iliyo kati yao huzuia makalio yasirudi nyuma, na pale yanapoishia ndipo kila kipimo kingine kinapoanzia. Yamaha R15 inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Ilipotoka India mwaka 2008 ilikuwa na kiti kimoja kirefu, na toleo la pili la mwaka 2011 likaja na viti vilivyotenganishwa. Kwa macho, toleo la pili linafanana zaidi na pikipiki ya mashindano. Kwa mtu mrefu, la kwanza lina nafasi kubwa zaidi ya kujisogeza.

Kipimo kinachotangazwa zaidi katika maelezo ya kiwanda ni kimo cha kiti kutoka ardhini. Kipimo hicho kinamfaa zaidi mtu mfupi, kwa sababu kinajibu swali lake kuu: je, nyayo zitafika chini anaposimama kwenye taa za barabarani? Mtu mrefu hana swali hilo. Nyayo zake zote mbili hukaa chini bapa karibu kwenye kila pikipiki ndogo, na bado hajui kama ataweza kuiendesha kwa nusu saa. Kinachomhusu ni pembetatu inayoundwa na sehemu tatu ambazo mwili unagusana na chombo: kiti, vikanyagio na vishikio. Umbali kati ya kiti na vikanyagio huamua jinsi goti linavyokunjwa. Umbali kati ya kiti na vishikio huamua jinsi mgongo unavyoinama na uzito kiasi gani unaangukia viganja. Vipimo hivyo viwili ni nadra kuandikwa mahali popote, kwa hiyo lazima vipimwe kwa mwili wenyewe.

Hata hivyo, kimo cha kiti si taarifa ya kutupwa. Kiti kilicho juu zaidi kwa kawaida huongeza umbali wa kufikia vikanyagio, ilimradi kiwanda hakikuvipandisha navyo kwa kiasi hichohicho. Hapa hujitokeza jambo linalowashangaza wanunuzi wengi: ukubwa wa injini hauendi sambamba na ukubwa wa umbo. Kiti cha Yamaha YZF-R125 ya mwaka 2019 kipo milimita 825 kutoka ardhini, ilhali cha YZF-R3, yenye injini ya cc 321, kipo milimita 780 tu. Kawasaki Ninja 125 na Ninja 400 zote zina kiti cha milimita 785, na Suzuki GSX-R125 vilevile. Aprilia RS 125 ina 820. KTM RC 390 ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa na 820 pia, juu kuliko wapinzani wake wengi wa cc 300. Kijana mrefu anayeruka cc 125 akidhani kwamba ya cc 300 lazima itakuwa na nafasi zaidi anaweza kujikuta amekunja magoti zaidi kuliko ambavyo angeyakunja kwenye ya cc 125.

Tofauti hizo zina sababu ya kibiashara. Ninja 400 na R3 zimebuniwa kuuzwa karibu dunia nzima kwa watu wanaojifunza, wakiwemo wengi wafupi, na kiti cha chini humpa mwanafunzi ujasiri. Pikipiki za cc 125 za Ulaya, kwa upande mwingine, zimelenga vijana wa umri wa miaka 16 au 17 ambao sheria inawazuia wasipande kitu kikubwa zaidi lakini wanataka chombo kinachoonekana kikubwa. Ndiyo maana R125 na RS 125 zimepewa umbo lililo karibu na la ndugu zao wakubwa, ingawa injini zao zina silinda moja tu.

Sheria ya leseni ndiyo inayoweka mipaka ya uteuzi huo. Kwa mfumo wa Ulaya ulioanza kutumika Januari 2013, na ambao Uingereza imeendelea nao kwa sehemu kubwa, daraja la A1 linaruhusu injini isiyozidi cc 125 na nguvu isiyozidi kilowati 11. Daraja la A2 linaruhusu hadi kilowati 35, kwa sharti kwamba nguvu isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya pikipiki. Nchini Uingereza umri wa kuanzia ni miaka 17 kwa A1 na 19 kwa A2. Daraja la A lisilo na kikomo huanzia miaka 24, au 21 kwa aliyekaa na A2 kwa miaka miwili. Mwenye leseni ya mwanafunzi wa umri wa miaka 17 na kuendelea anaweza kuendesha cc 125 barabarani baada ya kumaliza mafunzo ya msingi ya lazima, akiwa na vibao vya herufi L, bila abiria na bila kuingia barabara kuu za kasi. Cheti cha mafunzo hayo hudumu miaka miwili.

Mipaka hiyo imeziumba pikipiki zenyewe. Kwa kanuni ya 0.2, pikipiki ya kilowati 35 lazima iwe na uzito wa angalau kilo 175. Aprilia RS 457 imewekwa hapohapo: kilowati 35 na kilo 175 ikiwa na mafuta. Ninja 400 ina kilo 168, na nguvu yake huko Ulaya ni kilowati 33.4, hesabu inayoishia chini kidogo tu ya 0.2. Honda CBR500R, iliyotoka mwaka 2013, ilibuniwa ikitosha kilowati 35 bila kuhitaji kufungwa kizuizi. Kwa hiyo kijana mwenye A2 hana sababu ya kuhangaika na tofauti ndogo za nguvu. Sheria imekwisha kuzisawazisha, na kilichobaki cha kulinganisha ni umbo, uzito na bei.

Kulinganisha umbo kunafanyika dukani, pikipiki ikiwa imesimamishwa wima. Stendi ya pembeni haifai, kwa kuwa huilaza pikipiki na kuuvuruga mkao. Inafaa mtu mwingine ashike gurudumu la mbele, au pikipiki iwekwe kwenye stendi ya nyuma, ili mnunuzi aweze kuweka miguu yote miwili juu ya vikanyagio na mikono yote miwili kwenye vishikio. Wanunuzi wengi hukaa wakiwa wameweka miguu chini, hutikisa usukani, hutabasamu na kushuka. Hapo wamepima jinsi ya kusimama kwenye foleni, na kuendesha hawajakupima kabisa. Mkao wa kuendesha unapaswa kushikiliwa kwa dakika kumi au zaidi, kwa sababu nyonga na magoti hayalalamiki mara moja. Buti za kuendeshea zivaliwe wakati wa kupima, na kofia ngumu pia ikiwezekana, kwa kuwa shingo inayoinama inabeba uzito wake.

Katika dakika hizo kuna mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni magoti. Yanatakiwa yaingie kwenye mabonde yaliyochongwa ubavuni mwa tangi, kwa sababu hayo ndiyo mahali pa kushikilia pikipiki wakati wa kufunga breki. Mguu mrefu mara nyingi hupitiliza, goti likagota kwenye ukingo wa kava la plastiki au likatokeza nje. La pili ni usukani unapokatwa hadi mwisho, kushoto na kulia: vidole gumba visibanwe kwenye tangi, wala vishikio visigonge magoti. La tatu ni mguu wa kushoto chini ya wenzo wa gia. Buti kubwa, namba 46 au 47, huhitaji nafasi ambayo mara nyingi haipo, lakini pikipiki nyingi zina fito yenye nati inayorefushwa au kufupishwa ili kuinua wenzo huo. La nne ni viganja. Mwendeshaji akiweza kuachia vishikio kwa sekunde chache bila kuangukia tangi, misuli ya tumbo na mapaja inaumudu mwili. Akishindwa, uzito wote utakuwa unategemea mikono, na ganzi ya vidole itafuata.

Urefu kwa jumla hauelezi kila kitu. Watu wawili wa sentimita 190 wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa, mmoja miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake. Kipimo chenye manufaa ni cha mguu kuanzia msamba hadi unyayo, kinachopatikana kwa kusimama ukutani bila viatu. Mwenye miguu mirefu atafute kiti cha juu na vikanyagio vya chini. Mwenye kiwiliwili kirefu anaweza kuridhika na kiti cha milimita 785, lakini atahitaji vishikio vilivyo mbele zaidi na kioo kirefu cha kukinga upepo. Katika kundi hili CBR500R na Ninja 400 zina vishikio vilivyoinuliwa kiasi, na mgongo hauinami sana. RC 390 huinamisha zaidi. Kuna waliozijaribu zote na kugundua kwamba ile inayoinamisha zaidi ndiyo inayowafaa, kwa kuwa kiti chake cha juu kiliyapa magoti nafasi.

Mwili mrefu huandamana na uzito, na kwenye pikipiki ndogo uzito huo unaonekana. Pikipiki ya cc 125 yenye kilo 140 na kilowati 11 ikibeba mtu wa kilo 65, kila kilo inapata kilowati 0.054. Mtu wa kilo 95 anaishusha hadi 0.047, pungufu ya karibu asilimia 13. Mlimani tofauti hiyo inaweza kuwa gia moja nzima. Upepo nao una mchango wake. Nguvu inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba wa kasi, na mwendeshaji ambaye kichwa na mabega vimepita juu ya kioo huongeza eneo linalogongwa. Eneo hilo likiongezeka kwa asilimia 10, kasi ya juu hupungua kwa takribani asilimia 3. Kwa pikipiki isiyozidi sana kilomita 110 kwa saa, hizo ni kilomita 3 au 4 tu. Usumbufu mkubwa zaidi ni mtikisiko: ukingo wa kioo kifupi huelekeza upepo kwenye kidevu cha mtu mrefu na kuitikisa kofia.

Mashindano yanathibitisha kwamba jambo hili si la kufikirika. Scott Redding wa Uingereza alishinda mbio za cc 125 huko Donington mwaka 2008 akiwa na miaka 15, na wakati huo alikuwa mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya mbio za dunia. Alipokua, akapita sentimita 180, urefu na uzito wake vikawa mzigo katika daraja la Moto2, ambako pikipiki zote zilitumia injini ya aina moja. Mwaka 2013 kanuni zilibadilishwa, kikawekwa kiwango cha chini cha uzito wa pikipiki na mwendeshaji kwa pamoja, na mwaka huo Redding akamaliza msimu akiwa wa pili. Marco Simoncelli wa Italia, naye mrefu kuliko wengi wa wenzake, alikuwa bingwa wa dunia wa cc 250 mwaka 2008. Mifano hii miwili ina ujumbe mmoja kwa mwendeshaji wa barabarani. Urefu hauzuii ustadi, lakini injini inapokuwa ndogo kila kilo huhesabiwa.

Springi za pikipiki ndogo hupangwa kiwandani kwa mtu wa uzito wa wastani. Mtu mzito akikaa, sehemu ya nyuma huzama kupita kiasi, pembe ya usukani hubadilika na pikipiki huwa nzito kukata kona. Mafundi wa pikipiki za spoti hutaka springi izame kwa robo hadi theluthi ya safari yake pale mwendeshaji anapokaa. Pikipiki nyingi za kundi hili huruhusu kukaza springi ya nyuma kwa ufunguo maalumu, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Uma wa mbele kwa kawaida haukazwi, na kwa mtu wa kilo 95 au zaidi inaweza kulazimu kuweka springi ngumu zaidi. Katika kufunga breki, kiwiliwili kirefu hupandisha kitovu cha uzito, na gurudumu la nyuma hunyanyuka mapema zaidi. Dawa yake ni kubana tangi kwa magoti, ndiyo maana suala la magoti kuingia kwenye mabonde yake ni la usalama kabla ya kuwa la starehe.

Upande wa faida nao upo. Mtu mrefu hurudisha pikipiki nyuma kwa miguu bila taabu, huisimamisha kwenye mteremko bila hofu, na huweza kuizuia isianguke pale anayefika chini kwa ncha za vidole asingeweza. Katika mtihani wa Uingereza, sehemu inayofanyika uwanjani hudai kuzunguka umbo la namba nane, kupinda kati ya koni, kugeuza kabisa katika nafasi finyu, na kufunga breki ya dharura kwenye kasi isiyopungua kilomita 50 kwa saa. Mazoezi ya mwendo wa taratibu humfaa mrefu aliyezoea kukaa wima, lakini usukani wa pikipiki ya spoti hukata kidogo na magoti huingia njiani. Kwa sababu hiyo shule nyingi hufundishia pikipiki zisizo na makava, na mwanafunzi hukutana na mkao wa spoti baada ya kufaulu.

Pikipiki ikikaribia kutosha bila kutosha kabisa, marekebisho machache huziba pengo. La bei nafuu na lenye matokeo makubwa ni kuongeza sponji ya kiti kwa sentimita 2 au 3, kazi ambayo fundi wa viti anaimudu. Kwa mtu mrefu nyongeza hiyo haina hasara yoyote ya kufika chini, na hufungua goti papo hapo. Kioo kirefu zaidi hutuliza upepo. Mabano ya kushusha vikanyagio yapo kwa baadhi ya pikipiki, lakini yanapunguza kiasi cha kulala kwenye kona. Vishikio vinaweza kuinuliwa, mradi nyaya za klachi na mafuta pamoja na mpira wa breki viwe na urefu wa kutosha usukani unapokatwa hadi mwisho. Vikanyagio vya mashindano vinavyouzwa madukani huwa juu na nyuma zaidi kuliko vya kiwandani, na mtu mrefu hana haja navyo. Nchini Uingereza kampuni ya bima huarifiwa kuhusu kila badiliko, na kwa kijana ambaye bima yake tayari ni ghali, hilo huingizwa kwenye hesabu kabla ya kununua.

Barabara za Afrika Mashariki huongeza masharti mengine. Matuta ya mjini humlazimu mwendeshaji kunyanyuka kidogo kitini, na mwenye magoti yaliyokunjwa sana hufanya hivyo kwa shida. Kava la chini la injini nalo linaweza kugonga tuta. Bajaj Pulsar RS200, iliyotoka India mwaka 2015 ikiwa na kiti cha milimita 810 na vishikio vilivyo juu kuliko vya R15, inahimili mazingira hayo vyema zaidi kuliko pikipiki yenye vishikio vya chini. Jambo la vipuri pia lina uzito, maana kava moja likivunjika kwa pikipiki ambayo haina wakala wa karibu, chombo kizima huweza kukaa gereji kikisubiri plastiki.

Ikiwa baada ya kupima yote hakuna pikipiki ya spoti inayompokea mtu mrefu, si lazima aiache injini aliyoipenda. Viwanda vingi hutoa injini ileile katika umbo lisilo na makava, lenye usukani mpana na wa juu na vikanyagio vilivyo mbele kidogo. Yamaha MT-03 hutumia injini ya R3, na KTM 390 Duke hadi mwaka 2023 ilitumia ya RC 390, tena Duke ya mwaka 2017 ilipandishwa kiti hadi milimita 830. Nguvu ni ileile na leseni ni ileile. Kinachopotea ni kinga ya upepo na sura ya mashindano. Anayeendesha zaidi mjini hupoteza kidogo, na anayesafiri mbali kwa kasi hupoteza zaidi. Mgawanyo huo wa safari zake mwenyewe ndio unaomaliza uteuzi, baada ya magoti kutoa jibu lao dukani.